Shangazi Ahamia kwa Mbuzi

Sehemu ya sita

Mlionitukana wiki iliyopita mlikuwa na haki, na leo nawaongezea sababu.

Kwa aliyechelewa kuingia, nitazieleza aibu zangu kwa kifupi. Kwa kirefu nimezieleza wiki tano na bado sijafika nusu.

Mimi ni mpiga picha wa kampuni ya utalii. Kampuni yetu inapandisha wageni mlimani, inawashusha, na mara moja kwa mwaka inawapelekea msaada watu wa kijiji cha juu kabisa, kule ambako barabara imekata tamaa. Ofisini wananiita Profesa, kwa sababu kuanzia Mkurugenzi mpaka mfagizi, ni mimi peke yangu ninayejua lugha ya mlimani. Watu wa mlimani nao lugha yetu ya ofisini, ambayo ndiyo ya wageni, hawaijui hata salamu. Niliwaambia wakubwa kwamba nimejifunza kitabuni.

Hakuna kitabu. Nimezaliwa kule. Mama alifariki nikiwa natambaa, baba naye hakukawia kumfuata, akanilea shangazi yangu, dada yake baba.

Nilificha kwa sababu siku niliyokwenda kuomba kazi nilimsikia Mkurugenzi, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, akisema watu wa mlimani ni wazuri sana kwa kubeba mizigo. Mimi nilikuwa nimekuja na kamera. Nikasema ni mtu wa mjini, nikaajiriwa siku hiyo hiyo.

Halafu ikaja ile picha.

Mkurugenzi alizikataa picha zangu zote za kijiji. "Bati, bati, bati! Huyu anacheka, yule ana redio. Umaskini uko wapi, Profesa? Nani atamchangia mtu anayecheka?" Akanipa siku tatu niutafute umaskini au nitafute kazi nyingine.

Nikaupata. Nilimpiga picha shangazi akifagia banda la mbuzi wake, peku, na gauni la kazi lililochanika begani, amechungulia mlangoni kuniuliza kama nimeshiba. Chini nikaandika: "Bibi huyu anaishi humu, hana mtu."

Picha ikavuka bahari. Wageni wakalia, na waliolia wakachanga. Na wiki iliyopita niliwaacha nikiwa ofisini, Mkurugenzi ananipa habari njema: wachangaji wanakuja wenyewe kumwona bibi na kumkabidhi makazi mapya.

"Wewe tangulia, Profesa," aliniambia. "Hakikisha bibi yupo nyumbani."

Nyumbani! Haya, tuendelee.

Nilifika mlimani siku moja kabla yao, jua la mchana likiwaka. Nikamkuta shangazi juu ya kigoda anapaka rangi madirisha ya nyumba yake.

Naomba muielewe nyumba hii, maana yote ya leo yanatokana nayo. Ni ya mawe, vyumba vitatu, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo. Shangazi aliijenga miaka kumi na moja. Mawe aliyapandisha kutoka bondeni kwa mgongo wake, safari moja jiwe moja, na fundi alimlipa kwa maziwa ya mbuzi. Hakuna mwanamume aliyemsaidia, na waliotaka kumwoa ili wahamie humo aliwafukuza wote wanne.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Mkeo hapiki, au wewe hununui?"

"Shangazi, nina neno."

"Mwenye neno zuri hajitangazi. Keti."

Nikaketi, nikamweleza. Nilianza kwa kuzunguka, nikapiga chenga, nikapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mwisho nikasema lote. Yeye akaizamisha brashi ndani ya kopo, akaiacha humo.

"Kwa hiyo huko ng'ambo wananijua."

"Wanakujua, shangazi."

"Kama mbuzi."

"Si kama mbuzi. Kama mtu anayeishi na mbuzi."

"Ahaa. Basi nimepanda cheo."

Nikamwambia kwamba akikataa nafukuzwa. Nikamkumbusha kwamba mke wangu ana mimba ya miezi saba, na kwamba hii ni kazi yangu ya tatu kwa mwaka mmoja. Ya kwanza, wasomaji mnakumbuka, ni ile studio iliyonitimua kwa kumpelekea bibi harusi albamu ya mazishi. Ya pili sitaki kuikumbuka.

Shangazi akashuka kwenye kigoda. Akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mawe ya nyumba hii nimeyabeba wewe ukiwa juu ya mawe, mgongoni, unalia unataka kushuka," akasema. "Leo unaniambia niseme si yangu."

"Siku moja tu, shangazi."

"Siku moja." Akatazama banda, akanitazama mimi. "Sawa. Nitakaa na mbuzi siku moja, kwa ajili ya huyo mtoto aliye tumboni, si kwa ajili yako. Lakini kwa sharti."

"Sharti lolote."

"Kabla hawajaondoka, mbele ya watu wote, wajue kutoka kinywani mwako kwamba mimi ni shangazi yako na nyumba hii ni yangu. Hata dakika ya mwisho. Hata wakiwa wameshapanda magari. Wakicheka wacheke, wakinuna wanune. Mimi siwezi kufa huku dunia inaniita bibi wa bandani asiye na mtu."

"Nitasema."

"Apa."

Nikaapa kwa kaburi la mama. Niliapa haraka, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: nitasubiri injini ziwake, nitasema upesi upesi, upepo utachukua. Mwenye akili kama zangu hakosi kazi, hukosa usingizi.

Mwenyekiti wa kijiji naye ilibidi aambiwe, maana kijiji kizima kinajua nyumba ile ni ya nani. Nilidhani atakasirika. Alipiga makofi.

"Yaani tukionekana hatuna kitu, tunapewa kitu?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Mbona hukusema mapema!"

Jioni ile ile akaitisha mkutano. Madishi ya televisheni yakafunikwa magunia. Pikipiki nne zikafichwa nyuma ya ghala. Mwenye duka alifunga duka, akashona kiraka kwenye suruali nzima, akavaa shati aliloliazima kwa sanamu yake ya kufukuzia ndege shambani. Jirani mmoja alikuja kulalamika kwamba si haki shangazi peke yake apewe banda, na yeye pia anaweza kuishi na kuku.

Shangazi akahamia bandani usiku ule, na alfajiri watu wakawa wanampitia kumsabahi. "Hodi humo bandani! Mmelalaje wewe na wanao?"

"Wanangu hawajambo," anajibu kutoka ndani. "Wana akili kuliko mtoto wa kaka yangu."

Saa nne asubuhi magari matatu yakafika.

Akateremka Mkurugenzi, kavaa buti mpya. Wakafuata wageni wanane, wakiongozwa na mama mmoja mnene, mwalimu mstaafu, yule aliyekuwa wa kwanza kuiona ile picha na kuisambaza. Alikuwa analia tangu garini. Kijiji kilimpa jina kabla hajafunga mlango: Mama Machozi.

Mzee mmoja aliyenijua tangu utoto akaniona na kamera, akasahau kabisa mafunzo ya jana.

"Kifaranga!" akapiga kelele kwa furaha. Ndilo jina langu la utotoni.

Mkurugenzi akageuka. "Anasemaje?"

"Ni salamu ya huku," nikasema.

Tangu hapo Mkurugenzi akawa anapita akishika mikono ya watu, anawainamia kwa heshima: "Kifaranga! Kifaranga!" Nao wageni nyuma yake: "Kifaranga!" Kijiji kikajibu vile vile, watu wamebana mbavu. Mwenye duka ilimbidi aende nyuma ya ghala akacheke huko, karibu na pikipiki yake.

Halafu msaada ukashushwa. Miavuli mia mbili yenye nembo ya kampuni, kwenye mlima ambao upepo wake unang'oa bati. Miwani ya jua. Mifuko ya kulalia ambayo wapanda mlima wameitumia mpaka zipu zimegoma. Na mwisho, kwa ajili ya bibi, makazi yenyewe: hema kubwa la kampuni, lililostaafu, jina la kampuni limeandikwa pande zote nne ili hata mwenye ndege alisome.

Miavuli ishirini ikafunguliwa kwa ajili ya picha. Upepo ukaja. Nilipiga picha kumi na mbili nzuri za miavuli ikielekea bondeni.

"Tupeleke kwa bibi," Mkurugenzi akasema. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya hospitali.

Shangazi alikuwa mlangoni mwa banda, peku, na lile gauni. Moyo wangu ulinichoma, sitaki kuwaficha. Alikuwa amelifua.

Mama Machozi akaingia bandani kwa magoti, akamkumbatia, akaangua kilio. Akaniambia nimuulize bibi kama mbuzi hawamsumbui usiku.

"Mwambie," akasema shangazi, "mbuzi hawajawahi hata siku moja kuniletea wageni."

"Anasema mbuzi ni marafiki zake," nikatafsiri.

Mama Machozi akalia zaidi. Akauliza bibi anakula nini humu.

"Mwambie nakula nilichopika jikoni kwangu, na kwamba beberu anakula kofia yake."

Kweli, beberu alikuwa ameshafika nusu ya kofia ya Mama Machozi. Shangazi akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. Wageni wakatazamana, macho yamelowa. Mmoja akanong'ona kwamba ni ajabu, watu hawa hawana kitu na bado wanacheka. Mimi nikapiga picha.

Mpaka hapo, ndugu wasomaji, mambo yalikuwa yanakwenda. Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida tu.

Tulipotoka bandani Mkurugenzi akavaa miwani yake, akasimama.

"Profesa. Ile nyumba ya mawe ya nani?"

Ilikuwa hatua arobaini kutoka tuliposimama, madirisha yanameta. Ningesema ni ya jirani, angetaka kumwona jirani. Ningesema ni ya mwenyekiti, angeuliza kwa nini mwenyekiti anamwacha bibi alale na mbuzi. Nikachagua jibu lililoonekana halina madhara.

"Haina mtu. Mwenyewe alihama."

"Lini?"

"Miaka kumi hivi."

"Mbona rangi ni mbichi?"

"Kijiji kinaitunza. Kwa heshima."

Uongo hauzai mtoto mmoja, unazaa mapacha kama mbuzi. Mkurugenzi alikwisha kwenda kuchungulia dirishani, ameziba mwanga kwa viganja. "Vitanda vimo! Meza imo! Profesa, unajua tunachokitafuta miaka yote ni nini? Mahali pa kulaza wageni huku juu. Halisi. Pa mawe." Akarudi anatabasamu. "Tunaichukua. Miaka ishirini. Na leo wachangaji wetu wawe wa kwanza kulala humo, halafu wawe jirani na bibi yao. Watafurahi sana."

"Lakini mwenyewe akirudi..."

"Baada ya miaka kumi?"

Maji nimeyavulia nguo mwenyewe.

"Muulize mwenyekiti kama kijiji kina pingamizi."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa hakuna wa kumlaumu. Hakuna aliyenisukuma. Nilimgeukia mwenyekiti, aliyekuwa amesimama na mwavuli uliogeuka ndani nje, nikamuuliza kwa lugha yetu:

"Mama anauliza, mmeipenda miavuli?"

"Tumeipenda mno!" mwenyekiti akasema, anatikisa kichwa kwa nguvu zote. "Mwambie tumefurahi, waje tena, walete na mingine!"

"Anasema hakuna pingamizi," nikamwambia Mkurugenzi. "Wamefurahi sana."

Kampuni yetu haina umeme wa uhakika ofisini, lakini garini ina mashine ya kuchapia fomu. Hatujawahi kumpa mtu hata soksi bila fomu. Fomu ya nyumba isiyo na mtu ina mistari sita, na mstari wa mwisho unataka shahidi: jirani wa karibu, kwa saini au kidole.

"Jirani wa karibu nani?" Mkurugenzi akauliza.

Nikatazama huku, nikatazama huko. Nyumba nyingine ya kwanza iko ng'ambo ya kijito. Mkurugenzi akanitangulia.

"Si bibi mwenyewe? Hatua arobaini. Safi! Ataweka kidole mara moja kwa yote mawili, hema na ushahidi. Andika, Profesa."

Nikaandika. Nilikaa garini, mashine mapajani, nikaandika kwa vidole vyangu hivi ninavyowaandikia ninyi: "Mimi, mkazi wa banda la mbuzi, jirani wa karibu, nashuhudia kwamba nyumba ya mawe iliyo mbele yangu haina mwenyewe."

Nilisoma mara mbili kuangalia kama kuna makosa ya herufi. Hayakuwemo.

Hema likasimamishwa, wanaume sita wakilikalia pembeni lisiondoke na upepo. Kijiji kikakusanyika upande mmoja, wageni upande wa pili. Mkurugenzi akatoa hotuba kuhusu mkono unaotoa. Akamaliza, akamnyooshea bibi kiganja.

"Tungependa kusikia maneno yake."

Nikamwambia shangazi. Akajitengeneza kitambaa cha kichwani, akapiga hatua mbili mbele. Akanikazia macho.

"Sasa ndio wakati, mwanangu," akasema taratibu. "Naona unatetemeka, basi nitakusaidia. Nitasema mimi, wewe uwape tu kwa lugha yao. Neno kwa neno. Umeniapia."

Akawageukia wageni, mgongo umenyooka.

"Waambie asanteni kwa kuja, njia ni mbaya na mmechoka. Lakini mimi siishi na mbuzi. Nyumba ile ya mawe ni yangu, nimeijenga kwa mgongo wangu miaka kumi na moja. Na huyu anayenisemea si mtu wa mjini. Ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea mimi. Alifanya kosa kwa sababu ya njaa ya kazi, na mimi nimemsamehe. Msimfukuze."

Hata mwenye duka aliacha kucheka. Waliokalia hema wakainua shingo wanitazame.

Na mimi nikamtazama Mkurugenzi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasubiri, fomu mkononi. Nikamwona mke wangu na tumbo lake. Nikaiona barua ya kufukuzwa, nazijua barua hizo, huwa fupi. Nikafungua mdomo.

"Anasema anashukuru," nikasema. "Anasema alikuwa hana mtu duniani. Sasa ana ninyi."

Wageni wakalipuka. Makofi, kilio, Mama Machozi akamkumbatia mtu asiyemjua. Kijiji kiliposikia makofi kikajua kweli imesemwa na imepokelewa vizuri, kikapiga makofi kuwashinda. Vigelegele vikapanda. Mwenyekiti akaja kunipa mkono, machozi yanamtoka. "Umekuwa mwanamume leo, Kifaranga," akaniambia. Wanaume waliokalia hema walisimama kunishangilia, hema likaanza kuondoka, wakalikalia tena.

Shangazi akanijia. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, mikono migumu ile, akanitazama kwa karibu.

"Nilijua," akasema. "Usiku kucha nilikuwa nawaambia mbuzi, huyu mtoto hawezi kunitupa. Nilijua."

Nilitaka ardhi inimeze. Ardhi ya mlimani ni mawe matupu, haimezi mtu. Nilijiona takataka, na nasema hivyo leo kwa sababu siku ile sikusema.

Mkurugenzi akaniwekea fomu mkononi na kile kidude cha wino. "Upesi, kabla mvua haijaja."

"Hii nini?" shangazi akauliza, bado anatabasamu.

"Ni karatasi, shangazi." Nilimwita shangazi! Kwa lugha ambayo mkubwa wangu haielewi, nilikuwa shujaa. "Inahusu nyumba."

"Nyumba yangu?"

"Ile ya mawe, ndiyo."

"Wanaandika kwamba ni ya nani, wasikosee tena?"

Nilitikisa kichwa, na mpaka leo sijui nilikitikisa kwa kukubali au kwa kukataa. Yeye aliona kukubali.

"Umeisoma vizuri?"

"Nimeiandika mimi mwenyewe."

"Basi yatosha. Nisome nini tena?" Akachovya kidole, akakikandamiza kwenye mstari wa mwisho, akakizungusha ili kitoke vizuri. Akapuliza wino ukauke.

Mkurugenzi akaikunja fomu, akaitia mkobani, akawaambia wageni kwa lugha yao kwamba vyumba viko tayari, wachukue mabegi.

Wakachukua mabegi. Wakaanza kukatiza uwanja kuelekea nyumba ya mawe, wanane, Mama Machozi mbele na nusu kofia kichwani.

Shangazi akawaona. Uso wake ukang'aa kama wa mama aliyeletewa mkwe.

"Wanakuja kwangu?" akaniuliza. "Mabegi na kila kitu? Wameomba kulala kwangu? Sasa mbona hukusema, mwanangu, nyumba haijafagiwa!"

Kabla sijapata neno akawa ameshawapita, peku, anakimbia kama msichana. Akafungua mlango. Akasimama kizingitini, mikono imefunguka.

"Karibuni! Karibuni nyumbani, msivue viatu. Wewe mama, kitanda chako ni hiki cha dirishani, hakina upepo. Ngojeni niwashe moto muoge."

Wageni hawakuelewa neno, walielewa tabasamu, wakaingia wakimshika mikono. Akawa anawapokea mabegi mmoja mmoja. Anapanga, anakung'uta mito, anazungumza peke yake kwa furaha.

Mkurugenzi alikuwa amesimama kando yangu. Akavaa miwani, akakunja uso.

"Profesa. Huyu bibi anafanya nini humo ndani?"

"Anawakaribisha."

"Ni mwema sana, maskini. Lakini si vizuri wageni wapate harufu ya mbuzi kwenye vitanda." Akanigusa bega. "Nenda umwambie, kwa upole, arudi nyumbani kwake."

Akanyoosha kidole kuelekea bandani.

Shangazi alikuwa ametoka tena mlangoni kuchukua begi la mwisho. Akakiona kidole. Akakifuata kwa macho mpaka kilipoishia, kwa mbuzi. Akarudisha macho kwangu, begi la mgeni limemkalia begani, tabasamu bado liko usoni.

"Anasemaje, mwanangu?"